Jani la Isale na Mpira wa Bwana Kiko

Wapo wanaosimulia mambo ya mizimu kwa sababu waliyasikia kwa shangazi wa jirani, naye aliyasikia sokoni. Mimi simo katika hao. Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na chai na viazi tumboni na bila tone la pombe, kwenye njia inayopanda kutoka Tengeru kwenda mlimani Meru. Kama huamini, acha hapa hapa uendelee na shughuli zako, hatutagombana. Lakini ukianza kusoma, soma hadi mwisho, maana neno la kukufaa wewe liko huko.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, bendera yake bado ikipandishwa kila asubuhi pale bomani Arusha. Nilikuwa dereva wa kampuni moja iliyopeleka wageni porini kuwinda. Udereva nilijifunza jeshini wakati wa vita, na Kiingereza changu ni cha huko huko, cha kupokea amri na kuomba sigara. Anaeli alikuwa mpishi wa kampuni hiyo hiyo. Nikisema alikuwa rafiki yangu nitakuwa nimepunguza. Sisi ni Wameru wa rika moja. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukalala juu ya ngozi moja tukiuguza vidonda, mama yake akitulisha sote wawili kwa kijiko kimoja. Kwetu mwenzako wa rika anaweza kukutukana, anaweza kukumalizia maziwa yako, lakini hakuibii. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Ungekuwa wewe ungeamini vingine?

Sasa nije kwenye mpira. Safari moja tulikuwa na mgeni mzee kutoka Marekani. Sisi watumishi tulimwita Bwana Kiko, kwa vile kiko hakikumtoka mdomoni hata alipokuwa analenga nyati. Huko nyika ya Sanya akashikwa na homa kali, na siku hiyo hiyo gari likavunjika ekseli. Mimi na Anaeli tukamfunga kwenye machela ya turubai tukambeba tangu asubuhi mpaka jua linazama, mabega yakichubuka, mpaka tukafika Maji ya Chai kwenye barabara kuu tukapata lori. Akapona. Kabla hajarudi kwao alituita sote wawili, akafungua sanduku lake la nguo, akatoa mpira.

Usifikirie mpira wa miguu. Huu ni mdogo, unaenea kiganjani, wa ngozi nyeupe iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Kwao kuna mchezo unaitwa besiboli: mmoja anarusha, mwenzake anaupiga kwa rungu, na watu wazima wenye ndevu wanalia machozi uwanjani. Juu ya mpira ule bingwa mmoja mkubwa wa mchezo huo, ambaye siku hiyo alikuwa ameshakufa, aliwahi kuandika saini yake kwa mkono wake mwenyewe. Bwana Kiko akatuonya tusiuchezee, tusiuoshe, tusiuanike juani. Akasema ipo siku atatokea mtu mwenye kupenda vitu kama hivi, naye atatupa kitu cha kutubadilishia maisha. "Ni wenu wawili," akasema, na akautia mikononi mwetu kwa pamoja, mkono wangu na mkono wa Anaeli.

Aliyeutunza ni Anaeli, na mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Nilikuwa nimepanga chumba Kaloleni, mjini Arusha, chumba ambacho mvua ikinyesha unahamisha kitanda. Yeye alikuwa na kihamba chake mlimani, shamba la urithi la migomba na kahawa, na nyumba yenye dari kavu juu ya jiko. Tukaufunga kwenye kitambaa, akapanda nao darini, mimi nikimmulikia. Nani angekuwa na wasiwasi?

Na nusu yangu nilikuwa nimeshaipangia kazi. Mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu kihamba cha baba huenda kwa mkubwa na kwa mdogo, wa katikati anaambiwa Mungu ni mkubwa. Baba alipokufa, mama yangu alibaki kwa kaka, na mke wa kaka hakumpenda. Mama akalala jikoni, na moshi, na mbuzi, mwanamke aliyezaa watoto saba. Kila nilipokwenda kumwona aliniuliza, "Mwanangu, hiyo nyumba yako utakayonijengea, mlango wake utatazama wapi?" Nikamjibu kwamba utatazama mlima. Akacheka, akakohoa ule moshi. Kulikuwa na kiwanja Maji ya Chai, chenye udongo mzuri, mwenyewe aliahidi kunitunzia kwa muda. Mpira ule ulikuwa nyumba ya mama yangu. Ukiusahau huo mpira kuwa ni nyumba ya mama, hutaelewa hasira yangu.

Miaka ikapita. Anaeli akaacha kazi kwa ajili ya kifua, akakaa nyumbani na kahawa yake. Mwaka mmoja nikamkuta anaezeka bati, bati jipya linalong'aa mpaka unafumba macho, na zizini kuna ng'ombe wa maziwa wa kizungu. Nikamuuliza, "Bwana wee, umepata wapi haya?" Akasema, "Kahawa imekubali." Nikafurahi, Mungu shahidi yangu. Mimi mwenyewe nilimshikia ngazi akipigilia misumari. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wameshikilia ngazi ya mtu, nakuhakikishia.

Ndipo akaja mgeni mwingine wa Marekani. Huyu tulimwita Bwana Miwani, kwa sababu zaidi ya miwani aliyovaa alikuwa na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni. Kuwinda kulimchosha mapema. Kazi aliyoipenda ni kukusanya vitu vya mabingwa wa besiboli: kofia, rungu, na zaidi mipira yenye saini. Siku moja tumesimama kula, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha jeshini kwamba nami ninao mpira kama huo, nusu wangu. Akacheka kwanza. Nikamtajia jina la yule bingwa, nikamchorea mavumbini herufi ya kwanza, ile iliyopinda kama ndoana. Akaacha kutafuna.

Tangu hapo, kila tulipopumzika, alinifundisha jinsi mpira unavyopimwa thamani. Nilidhani ni kuuliza tu nani aliandika. Kumbe jina ni mwanzo. Wanaangalia kama bingwa ameandika peke yake au amebanana na wenzake, maana peke yake ni bora. Wanaangalia ameandika wapi. Kuna mahali mishono miwili inakaribiana na kuacha uwazi mdogo, na saini ikikaa hapo hapo, mpira unapanda. Wanaangalia muhuri wa chama cha mchezo, weupe wa ngozi, wino. Kisha akaniambia la mwisho kwa sauti ya chini, kama daktari. "Na tunaangalia kama kuna mtu ameisaidia saini." Nikamuuliza kusaidia ndiyo nini. Akasema kuna mjane mmoja kwao, saini kwenye mpira wa mumewe ilikuwa inafifia, naye kwa mapenzi akapitisha kalamu juu yake ili isomeke. Siku hiyo mpira ukawa hauna thamani tena. Mkono wa pili ukishagusa, wa kwanza umekufa.

Nikamwapia kwamba wetu haujaguswa na mtu. Akaniambia kama ni kweli, nitajenga. Hakusema zaidi na mimi sikuhitaji zaidi.

Tulirudi Arusha baada ya majuma mengi porini. Asubuhi iliyofuata nikapanda lori mpaka Tengeru. Haikuwa siku ya soko, na mvua ilikuwa ile ya kunyunyiza, isiyonyesha wala kuacha. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya barabarani. Pale sokoni hapakuwa na watu zaidi ya mbwa. Nikaanza kupanda mlima na roho yangu nyeupe kabisa, nikipiga mluzi.

Nilipofika kwenye mfereji, pale wanawake hufulia, nikamwona Anaeli amesimama ng'ambo. Alivaa koti lake jeusi la kanisani. Nikafurahi kwamba nimeokoa miguu yangu. Nikamwita jina, nikamsalimu. Hakujibu salamu. Aliniangalia tu, kama mtu anayehakikisha kwamba ni wewe. Mkono wa kushoto ameshika kile kitambaa chetu chenye mpira, na wa kulia ameshika jani la isale.

Labda wewe unayesoma si wa huku, basi nikuambie. Isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini. Mtu akikukosea, hata kama amekukosea kosa la damu, akikuletea isale huwezi kulikataa. Unalipokea, na ukilipokea umesamehe, na neno lile halifufuliwi tena. Ndiyo maana halichezewi. Watu hulituma kwa mshenga, mshenga analitaja kosa, wewe unalia, unatukana, kisha unapokea.

Nikacheka. "Anaeli, isale la nini tena? Ni kwa ajili ya yule beberu?" Maana Krismasi iliyopita aliniahidi beberu na hakuleta.

Akasema, "Pokea."

"Sema kwanza umefanya nini."

"Pokea kwanza, mwenzangu. Nikisema kabla hujapokea, hutapokea."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, labda yenye kukwaruza, lakini kifua kilikuwa kimemsumbua muda mrefu. Kitu kimoja nilikiona na sikukitilia maanani: koti lake lilikuwa kavu. Mimi nilikuwa nimelowa mpaka kwenye soksi, na yeye hata bega halina tone. Nikajiambia labda ndiyo kwanza ametoka chini ya mgomba. Unajua akili ya mtu mwenye furaha inavyokubali mambo? Nilichokuwa nakiona mimi ni kile kitambaa.

Nikanyoosha mkono wa kulia juu ya mfereji, nikalipokea isale. Vidole vyetu havikugusana. Lilikuwa baridi kuliko mvua.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Nimekusamehe, bwana wee."

"Mimi na nyumba yangu?"

Nikamwambia, huku nikimtania, "Wewe na nyumba yako na bati lako na ng'ombe wako. Haya, lete mpira, nimepata mtu."

Ndipo akanipa kile kitambaa. Akasema, "Leo usipande nyumbani. Kuna wageni wengi." Kisha akageuka akaingia kwenye migomba, na migomba haikutikisika. Niamini, hata jani moja la mgomba halikudondosha maji. Nikasimama kidogo. Halafu nikakumbuka kiwanja cha Maji ya Chai, nikageuza.

Bwana Miwani alikuwa amefikia hotelini mjini. Mtu mweusi hakukaa kwenye baraza ya hoteli ile enzi hizo, kwa hiyo nikasimama kwenye ngazi ya nyuma, upande wa jikoni. Naye, kwa utu wake, akatoka akaja kukaa nami pale pale ngazini, jua la alasiri likitumulika. Akatandaza leso juu ya magoti. Akafungua kitambaa taratibu. 

Aliushika kwa ncha za vidole, akauzungusha. Akaunusa. Akaniuliza, "Ulikuwa unakaa wapi?"

"Darini, Bwana. Pakavu."

Akanionyesha. Kwenye mishono kulikuwa na udongo, udongo mwekundu mbichi, na ngozi ilikuwa na unyevunyevu. Nikasema labda ulianguka njiani. Akashusha kile kioo jichoni. Akatazama muhuri, au tuseme akatafuta muhuri. Akapiga ngozi kwa ukucha. Kisha akatazama saini kwa muda mrefu sana, mpaka mpishi wa hoteli akatoka na kurudi ndani. Alipoinua uso, sikupenda alivyonitazama. Alinitazama kwa huruma.

Akasema mpira huu ni wa watoto wa shule. Haujawahi kuwa wa mabingwa. Hauna muhuri kwa sababu haukuwa nao tangu dukani. "Na saini?" nikauliza. Akanishikisha kile kioo. Akaniambia tazama mwenyewe: mtu akiandika jina lake, mkono unakimbia, wino unakuwa mwembamba pale anaponyanyuka. Hapa wino ni mzito sawasawa kila mahali, na mstari unatetemeka. Kila kona alisimama akatazama kwingine, kisha akaendelea. "Huyu hakuandika," akasema. "Huyu alichora. Na alichora akiwa na ule wa kweli mbele yake, maana umefanana nao sana."

Nikaitazama ile herufi ya ndoana. Juu yake kulikuwa na kitone cha wino. Nilikifahamu kitone kile. Katika rika letu ni Anaeli peke yake aliyesoma shule ya misheni, na kila alipoandika herufi kubwa alianza kwa kukita kalamu kwanza. Nimeziona barua zake mara nyingi, alikuwa akiwaandikia wapishi wenzake ambao hawakujua kuandika. Sikuhitaji tena kioo cha mtu.

 Bati. Ng'ombe. Ngazi niliyoshika. Na leo, mjanja huyu, ananiletea isale kabla sijaujua uovu wake, ananichekea moyoni, ananifanya nitaje mwenyewe bati na ng'ombe kwa kinywa changu! Niliunyakua mpira, nikamwacha Bwana Miwani pale ngazini bila hata kuaga. Nilitukana barabara nzima mpaka Kaloleni. Usiku sikulala, na kulipopambazuka nikapanda lori la kwanza. Nilikuwa nimeamua nitamkamata kola ya lile koti mbele ya mkewe. Isale au si isale, atanipa nusu yangu.

Nilipokaribia kwake nikasikia watu wanaimba pambio la Kilutheri. Uani kulikuwa na viti, masufuria makubwa, wanawake wamejifunga kanga viunoni. Kila mtu alipoona ninavyokuja kwa kasi alinipisha, wakadhani nimebanwa na uchungu. Mzee Lazaro, mkubwa wa ukoo wao, akanishika mabega.

"Pole, mwanangu. Tulituma mtu kazini kwako, akaambiwa uko porini. Maiti haikuweza kungoja zaidi."

"Shikamoo, mzee. Maiti ya nani?"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Ya mwenzako. Ya Anaeli. Tulimzika juzi."

Juzi! Na mimi nilimwona jana. Nikasema hivyo hivyo, mbele ya watu wote, kwamba jana mchana nilikutana naye mfereji wa chini, amevaa koti la kanisani. Wimbo ukakatika. Mtu mmoja akanong'ona kwamba huyu ni huzuni inasema. Basi nikaingiza mkono kwenye koti nikatoa mpira.

Mke wa Anaeli, shemeji yangu niliyekula kwake miaka yote, alipiga ukelele ambao bado nausikia. Akarudi nyuma mpaka ukutani. "Huo niliuweka mimi!" akasema. "Niliuweka mimi mwenyewe chini ya mkono wake wa kushoto, kabla hawajapiga misumari! Aliniagiza niufukie naye!"

Tukaenda kaburini, nyuma ya migomba, wazee na mimi. Udongo ulikuwa umetulizwa na mvua, laini, maua yamelala vile vile yalivyowekwa. Hapakuwa na alama ya mguu wala ya jembe. Mzee Lazaro alivua kofia, akairudisha kichwani, akavua tena.

Tuliporudi ndani, shemeji akasema yote. Alikwisha kuona kwamba hakuna cha kuficha. Mwindaji mmoja mgeni alipita mlimani, Anaeli akamwonyesha mpira, na yule mtu akautaka hapo hapo. Katika mizigo yake alikuwa na mpira wa mwanawe, akauacha bure. Jumapili nzima baada ya ibada Anaeli alikaa mezani akinakili saini, ile ya kweli mbele yake, kabla mnunuzi hajaja kuuchukua mpira kesho yake. "Alikuwa analia, shemeji," akasema. "Alisema kahawa ikikubali atakulipa kabla hujajua." Kahawa haikukubali, ikaingia ugonjwa. Kisha kifua kikazidi. Siku zake za mwisho aliwaomba ndugu zake mmoja baada ya mmoja waniletee isale, na kila mmoja alimwuliza kosa ni lipi, naye hakuthubutu kulisema. Mshenga hapeleki isale lisilo na kosa. Wote wakakataa.

Basi akalileta mwenyewe.

Nikasimama katikati ya ile nyumba, chini ya lile bati, nikadai haki yangu. Nikasema nusu ya nyumba hii ni ya mama yangu, nusu ya ng'ombe yule ni ya mama yangu. Mzee Lazaro akasikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ulilipokea isale?"

"Nililipokea."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Ukasema neno?"

Nikainua macho kwenye bati. Akauliza tena. Nikasema, "Nilisema nimemsamehe yeye na nyumba yake. Na bati. Na ng'ombe." Mwanamke mmoja alishusha pumzi nyuma yangu. "Lakini mzee, nilikuwa sijui kosa! Alinidanganya!"

"Alikudanganya, ndiyo," akasema. "Sisi wote tumesikia. Angekuwa hai ungemrudishia jani lake, tungechinja mbuzi, tungeanza upya, aseme kosa lake nawe uamue. Njia hiyo ipo. Sasa niambie, mwanangu, hili utamrudishia nani?"

 Anaeli alikuwa mwerevu kuliko sisi sote. Alingoja mpaka akawa mtu asiyeweza kurudishiwa kitu.

Nimeshazeeka sasa. Mkono huu wa kulia, kuanzia vidole mpaka kiwikoni, ni wa baridi tangu siku ile. Mke wangu hakubali nimguse nao, na watoto walipokuwa wachanga niliwabeba kwa kushoto. Nimeuotesha moto, nimeupaka mafuta ya kondoo, nimeombewa kanisani. Lakini mkono si kitu. Kinachoniuma ni sifa. Habari ilienea Meru yote, na watu walikubaliana kwamba mimi ni mtu mwema. Eti msamehevu. Mchungaji alinitaja kwenye mahubiri. Nikipita njiani wananyoosha kidole kuwaonyesha watoto wao. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nilisamehe. Sikusamehe! Niliibiwa mpira, kisha nikaibiwa na msamaha wenyewe, na mwizi ni yule yule, mtu niliyelala naye ngozi moja.

Mama nilimwambia mwenyewe, jikoni kwa kaka. Alisikiliza, akageuza kuni. Kisha akaniuliza, "Na kwa niaba yangu mimi, ulisamehe?" Nikashindwa kumtazama. Hakuuliza tena habari za nyumba, wala za mlango.

Kwa hiyo nisikilize. Mtu akikuletea isale, au neno lolote la kuomba radhi, hata kama ni ndugu yako, hata kama ameshika mkononi kile unachokitamani, mwambie asimame ng'ambo ataje kosa. Asipotaja, mwache na jani lake. Mshike mkono uone kama una joto. Tazama koti lake kama limelowa. Usiwe na haraka ya kuwa mwema kama nilivyokuwa mimi.

Mama alifia jikoni mle mle, wakati wa masika. Siku ya kumzika mama, mjane wa Anaeli alishuka mlimani na kibuyu cha maziwa, maziwa ya ng'ombe yule yule, akapita mbele ya waombolezaji wote na kunipigia magoti. Akasema kwa sauti, ili wasikie, "Pokea, shemeji, wewe uliyetusamehe." Watu wote wakanitazama. Nikapokea kibuyu, nikanywa.